Vidonge Vyekundu na Vitabu vya Mnadani

Kama leo asubuhi umemeza vidonge vyako vyekundu, kisha ukaenda chooni ukaona mkojo una rangi ya soda ya chungwa, kaa chini kwanza. Hufi. Ni dawa inafanya kazi. Mimi siku ile nilipiga yowe la kuamsha kijiji, mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka. Nesi alikuwa ameniambia kabisa, lakini nani anasikia lolote akishaambiwa ana kifua kikuu? Naandika haya ili angalau mmoja wenu asipige yowe kama langu.

Watu huniita Mama Naomi. Nafundisha Darasa la Tano huku Endagikot, jirani na Mbulu mjini, ila nimezaliwa Dirma, kule Hanang, kwa wafugaji. Mume wangu ni Mwiraqw, mkulima mwenye ng'ombe sita na mbuzi kadhaa, jina lake Tluway. Maneno yake ni machache mno. Alipokuja kunichumbia, baba yangu aliniita pembeni akaniuliza kama huyu kijana ni bubu. Nikamwambia, "Hapana baba, anasubiri zamu yake." Baba akasema basi atasubiri sana kwa binti kama wewe.

Kikohozi kilianza karibu na Pasaka. Nikasingizia chaki. Nikasingizia baridi. Sketi ya kazini ikaanza kunivuka kiunoni, nikaifunga kwa pini, nikasema ni Kwaresima. Shuka likawa linalowa jasho mpaka naamka nalikamua, nikasema ni blanketi zito. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewafundisha watoto methali hiyo miaka yote, na mwenyewe nikaificha damu ndani ya leso. Tluway aliikuta ile leso kwenye ndoo ya kufulia, mwezi wa sita, tumetoka kuvuna. Aliiangalia, akaniangalia, akasema, "Twende." Ni hilo tu. Tukaenda.

Hospitalini, wenye kukohoa tuliwekwa kwenye benchi la nyuma, nje, kwenye baraza lenye upepo. Wewe unayeijua Mbulu ya mwezi wa sita unajua ule upepo na ule ukungu. Tulikaa tumejikunja, kila mtu na kitambaa mdomoni, na waliopita walitupa kisogo. Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu aliniona, akageukia tangazo la ukutani, akalisoma mpaka nadhani amelikariri. Pembeni yangu babu mmoja aliyetoka Masieda alinisogezea nusu ya blanketi lake bila kuniuliza naumwa nini. Nikamwambia, "Shikamoo babu, asante." Akasema, "Marahaba. Huku hakuna mgeni, mwanangu, wote tunakohoa." Mungu ambariki popote alipo.

Majibu yakatoka. Miezi sita ya dawa, nesi akasema. Miwili ya kwanza mikali, minne ya kumalizia. Wiki za mwanzo nilale peke yangu, madirisha wazi, nivae barakoa. Na awepo mtu wa nyumbani wa kunisimamia, anione kwa macho yake nikimeza kila siku. Tluway akamtaja mama yake. Wote wawili walipimwa, wakakutwa salama, na shule ikanipa ruhusa ya ugonjwa mpaka nimalize dawa. Naomi, binti yetu wa miaka saba, alipimwa pia, akawa mzima, tukampeleka Dirma kwa mama yangu asome huko mpaka shule zifungwe mwezi wa kumi na mbili. Siku anaondoka nilimpungia nikiwa dirishani. Alivaa sweta kinyume, sikuweza kwenda kumgeuzia. Hilo ndilo liliniliza, lile sweta.

Jioni ya siku ile nilisikia mama mkwe na mwanawe wakibishana nyuma ya nyumba kwa Kiiraqw cha haraka, cha kutafuna maneno. Ninakielewa wakisema polepole. Nilishika "nyumba," nikashika "kando," mengine yakanipita. Kesho yake mama mkwe alinitengea kikombe changu, sahani yangu na kigoda changu. Na Tluway akahamia chumba cha mbuzi.

Kulala huko sikumlaumu, nesi ndiye aliyesema. Lakini alibadilika na mchana. Zamani ng'ombe wetu walichungwa kwa zamu pamoja na wa majirani, leo huyu, kesho yule. Sasa akawatoa kwenye kundi, akawa anawachunga mwenyewe kila siku ya Mungu. Anaondoka asubuhi, anarudi jua likizama. Akirudi anasimama nje ya dirisha langu.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Na hapo ndoa yangu ilikuwa imekwisha mpaka kesho jioni. Hakuna jirani aliyekuja kututazama, na yeye hakukaa. Nikaanza kujiuliza swali ambalo lilinisumbua kuliko kikohozi: huyu mwanamume bado ananitaka, au anasubiri nife kwa adabu?

Sasa nije kwenye vitabu, maana bila vitabu nisingekuwa na la kuwasimulia.

Nilivipata mwaka uliotangulia mnadani Katesh, nilipokwenda kuwasalimia wazazi. Chini ya rundo la suruali za mitumba kulikuwa na boksi la riwaya za Kiingereza, zimesafiri na nguo kutoka Marekani. Nilitaka kupita. Kisha nikaona jalada la juu: mwanamke mweusi. Si yule wa matangazo ya sabuni, wa maji ya kunde. Mweusi tii, kama mimi, kama shangazi zangu wa Dirma, nywele fupi, mabega wazi, na mwanamume mweusi vilevile anamtazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. Jamani! Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikavichukua vyote kumi na kimoja. Nyumbani nikavifunika kwa karatasi za kalenda kama tunavyofunika vitabu vya shule, maana mimi ni mwalimu, na kwaya naimba, na yale mabega yangeniletea maneno.

Mpaka naugua sikuwa nimesoma hata kimoja. Kiingereza changu ni cha chuo cha ualimu, kanuni nazijua zote lakini siwezi kukimbia nacho. Nilikaa kitandani na kamusi pajani, ukurasa mmoja nusu saa. Lo, nilichokikuta humo!

Riwaya za watu weusi nilizosomeshwa shuleni, mtu alikuwa anapigana na mkoloni, au anadanganywa na mwanasiasa, au anakufa ili sisi tujifunze kitu na kujibu maswali ya mtihani. Sikuwahi kukutana na mwanamke mweusi ambaye kazi yake kitabuni ni kupendwa. Huyu wa kwanza hafi. Hamfundishi mtu. Ana saluni yake ya kusuka nywele, anagombana na dada yake kwenye simu, na kuna fundi bomba anayekuja kila Jumanne kutengeneza bomba ambalo halijaharibika. Ukurasa mzima umeandikwa kuhusu huyo fundi alivyomgusa kiwiko. Kiwiko! Nilikaa na kile kiwiko siku mbili. Nikakitazama changu, kikavu, mfupa umechomoza, nikajiuliza kama kuna mtu duniani angeweza kujaza ukurasa juu yake. Niliona aibu kutaka jambo kama hilo, na nililitaka.

Kingine hakikuwa cha mapenzi. Ni familia ya mji mkubwa Afrika Magharibi, mabinti watatu na mama yao aliyeanza kusahau majina yao. Kilichonishangaza ni kwamba mwandishi hakueleza kitu. Watu wanapika chakula chao, wanaapa viapo vyao, na kama wewe msomaji wa mbali huelewi, shauri yako. Nilikuwa nadhani mtu mweusi akiandika lazima kwanza ajitambulishe kwa wageni, kama mtoto anayesimamishwa mbele ya mkaguzi. Kumbe mtu anaweza tu kukaa nyumbani kwake akasema. Nilikifunga kile kitabu nikakiweka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nikavuta pumzi ikafika chini.

Siwadanganyi, mengine yaliniudhi. Wanaume wa humo wote ni warefu, wote wana magari, na vifua vyao vimetajwa mara nyingi kuliko majina yao. Na hakuna anayekohoa. Kurasa mia tatu mtu hajapenga kamasi! Nilikuwa nawasema kwa sauti, "Nyie mnakula nini?" Hapo ndipo mama mkwe aliponikamata.

Alikuwa akija saa moja asubuhi na kikombe cha maji. Namwamkia, "Shikamoo mama," anaitika, "Marahaba," kisha kazi inaanza. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Alinikagua kama anayenunua punda. Siku ile akauliza, "Unagombana na nani humo ndani?" Nikaona haya, lakini nikamweleza: kuna mwanamke, kuna fundi, kuna bomba zima.

Akavuta kigoda mpaka mlangoni, upande wa upepo, akakaa.

"Mahari imeshakwenda?"

"Bado mama."

"Na amemgusa kiwiko?"

"Ndiyo mama."

"Mh." Akajifunga vizuri mgolole wake. "Endelea."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Kidonge kwanza, hadithi baadaye. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namtolea kwa Kiswahili, yeye anahukumu. Hakujua kusoma hata jina lake lakini hakuna mhakiki aliyenifikisha alikonifikisha yule mama. Mwanamke akimrudia mwanamume mwongo, alikuwa anatema mate nje ya mlango. Wapenzi wakipatana, alikuwa anafuta macho na kusingizia moshi, na moto haujawashwa. Siku moja aliniuliza, "Hawa kweli ni weusi? Weusi kama sisi?" Nikavua karatasi ya kalenda nikamwonyesha jalada. Aliliangalia kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile bega. "Mtoto wa watu amepakwa mafuta akapakika," akasema. "Sikujua tunaandikwa."

Hata mimi, mama. Hata mimi.

Wiki ya tatu nilitaka kuacha dawa. Nasema kweli. Magoti yalikuwa yanauma kama ya bibi kizee, kichefuchefu kinakuja nikiona tu kile kikombe. Wewe uliyefika hapo unanielewa, na nakuambia usiache, hata kama unaona afadhali kikohozi. Mimi sikuwa shujaa. Mama mkwe aliona navigeuza vidonge kiganjani, akasema, "Sawa, acha. Ila yule mwanamke leo alikuwa anafungua barua, na mimi sijui kilichoandikwa. Usipomeza huna nguvu ya kusoma. Utaniua na hiyo barua." Nikacheka mpaka nikakohoa, nikameza. Mgonjwa haulizwi uji, kweli, lakini kuna siku inabidi umdanganye kwa barua.

Ukungu ukapungua, mwezi wa nane ukaingia na vumbi lake. Nikapeleka makohozi tena. Yakawa safi. Nesi akasema sasa siambukizi mtu, niendelee tu na ile miezi minne. Nilirudi nyumbani karibu kwa kuruka. Nikafua mashuka. Nikajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, msinicheke. Jioni Tluway akaja dirishani na maswali yake.

Nikamwambia, "Makohozi ni safi. Siambukizi tena."

Akavua kofia.

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Dawa imebaki ya muda gani?"

"Miezi minne."

"Haya."

Akaenda zake kwa mbuzi. Nilibaki nimeshika ukingo wa dirisha, nanukia mafuta kama bibi harusi. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa, na mwezi wa tisa ukaingia. Nikasema basi, nimepata jibu langu. Uzito ulikuwa unarudi, mashavu yanarudi, mume ndiye harudi.

Kitabu cha tisa ndicho kilichonimaliza. Humo ndani, hatimaye, kulikuwa na mwanamke mgonjwa. Mweusi, ana siko seli, maumivu yakimshika analazwa hospitali hata wiki tatu. Nilisoma ule ugonjwa wake mara mbili, kwa sababu mwandishi alijua. Alijua mtu anavyohesabu vigae vya dari. Alijua unavyowachukia wazima kwa jinsi wanavyopanda ngazi wakiongea. Nilikuwa nadhani hayo ni yangu peke yangu, na mwanamke wa ng'ambo ya bahari ambaye hajawahi kusikia jina Mbulu alikuwa ameyaandika kabla sijaugua. Nilipatwa na kitu kama hofu, ile hofu ya kanisani. Na mume wake, dereva wa malori, aliacha safari zote akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Akamwambia, "Mahali watakapokulaza, hapo ndipo kwangu."

Nikatoa begi la bluu chini ya kitanda, nikaanza kupanga nguo.

Mama mkwe alipoingia asubuhi aliliona. Akanipa maji, nikameza, nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Akakaa. Nikamsomea ule ukurasa wote, kiti cha plastiki na maneno ya dereva, kisha nikafunga kitabu kwa kishindo.

"Unaona mama? Mwanamume anayependa anakaa. Hakimbilii porini na ng'ombe. Miezi mitatu mimi naongea na mwanao kupitia dirisha kama mfungwa. Kesho nakwenda kwetu Dirma. Kadi nitaihamisha, dawa nitamezea huko, na mwanangu nitamwona. Nawashukuru kwa yote."

Nilidhani atalia, au atanisema. Alitazama sakafu, akasugua magoti yake kwa viganja.

"Vaa viatu," akasema.

Tulitembea polepole, nikipumzika kila kilima. Miguu yangu ilikuwa bado ya kuazima. Ilikaribia saa sita mchana tulipofika juu ya bonde, mahali ambapo unaona mto wote chini. Mto ni jina tu mwezi wa tisa. Ulikuwa mchanga, na kidimbwi kimoja ambapo watu wa vitongoji vitatu wananywesha. Makundi yalikuwa yanamaliza. Wachungaji wanapigiana miluzi, wanataniana, wanagawana tumbaku. Mama mkwe akanionyesha kwa fimbo upande mwingine, mteremkoni.

Tluway alikuwa amesimama huko peke yake, na ng'ombe wetu sita. Walikuwa wameshaona maji, wanalia, wanamsukuma kwa vichwa, naye anawazuia kwa mikono. Mtu mmoja pale dimbwini akapaza sauti, "Njoo bwana, maji yapo!" Akainua mkono kukataa. Wengine wakacheka. Akangoja. Jua lilikuwa linachoma, na alingoja mpaka mkia wa ng'ombe wa mwisho umepotea njiani. Ndipo akashuka. Hakwenda dimbwini. Alipita chini yake kabisa, akapiga magoti, akaanza kuchimba mchanga kwa mikono mpaka maji yakatoka kidogo kidogo, akawa anayachota kwa kopo na kumwaga kwenye ndoo, ng'ombe mmoja mmoja.

"Anafanya nini?" nikauliza. "Mbona hakwenda na wenzake?"

Mama mkwe akakaa kwenye jiwe. Alieleza bila kunitazama.

"Mlipotoka hospitali nilimwambia mwanangu, kwa mila zetu mkeo akae kando mpaka amalize. Sisi tunaita metimani. Ninyi wa Dirma hamuijui, na hata huku vijana wameiacha. Zamani nyumba iliyopatwa na jambo zito haikuchangamana na watu. Haikunywesha nao, haikula nao, haikuchunga nao. Mimi nilitaka ukae kando wewe peke yako. Tukagombana. Akaniambia, 'Mama, nyumba haikatwi katikati. Kama yeye yuko kando, na mimi niko kando. Sitakaa na watu mpaka siku atakayokaa na watu.' Tangu mwezi wa sita hajanywa pombe ya jirani. Hajala kwenye kazi ya pamoja. Kanisani anasimama nje ya mlango. Wanasema umemloga, anawaacha waseme."

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Alinikataza. Alisema ukijua utaona umemharibia maisha, utarudi kwenu." Akavuta pumzi. "Na jambo hili nililileta mimi. Kila asubuhi nakaa pale nasikiliza habari za wanaume wa Marekani, na mimi nimefunga mdomo. Nimechoka kufunga mdomo."

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilivyojisikia pale juu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nasoma usiku na mchana nikitafuta mtu mweusi anayependwa, nikishangaa kwamba yumo vitabuni, nikimwonea wivu. Na mtu alikuwa ananipenda kwa kiu ya ng'ombe wake. Kila siku. Bila shahidi. Nikachutama palepale, mama mkwe akanishika akidhani homa imerudi.

Niliteremka mwenyewe. Aliponiona alisimama, mikono yote mchanga.

"Umefuata nini huku? Jua kali."

"Nimekuja kukuuliza. Nesi alisema siambukizi tangu mwezi wa nane. Mbona hukurudi ndani?"

Akafikiri. "Alisema miezi sita. Jambo ukilikata katikati halijaisha."

"Hata kama mimi nalia?"

Akashtuka kweli. "Ulikuwa unalia?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Mimi nilikuwa nakusikia unacheka. Kila asubuhi nasimama nyuma ya nyumba mpaka nikusikie unacheka na mama. Nikishasikia ndipo natoa ng'ombe."

Nikapiga magoti pale mchangani. Alidhani nimeanguka. Nilichukua kopo nikaanza kuchota, na machozi yananitoka bila aibu yoyote, na yeye akapiga magoti upande wa pili akaendelea kuchimba. Ng'ombe walikuwa na kiu.

Begi nililifungua siku ileile. Sikumwambia avunje ahadi yake. Nilimwambia nami nitakaa kando naye kwa kujua kwangu, si kwa kufungiwa. Kila mchana mama mkwe na mimi tulishuka na chakula, tunawangoja watu waondoke, tunanywesha. Vitabu viwili vilivyobaki nilivimalizia kule mtoni, nikiwasimulia wote wawili. Tluway alisikiliza sura ya kwanza akasema, "Watu hawa wanaongea sana," lakini kesho yake aliuliza ilikuwaje.

Sikuvichukia vile vitabu, msinielewe vibaya. Kuna wanaosema riwaya za mapenzi zinaharibu wanawake, zinawafanya wadai wasichonacho. Mimi zilinifundisha kudai, ndiyo. Bila yule dereva na kiti chake cha plastiki ningekaa kimya pale dirishani mpaka ndoa inifie, kwa heshima na adabu. Nilidai, nikaonyeshwa nilichokuwa nacho. Na wewe unayeumwa, kama una mtu amekaa mbali nawe, usimhukumu kwa hadithi yangu wala kwa vitabu vyangu. Uliza. Pengine kweli amekukimbia, na hilo nalo ni afadhali ulijue. Lakini uliza.

Mvua za vuli zikaja, mto ukajaa, tukapanda mahindi. Kidonge cha mwisho nilikimeza mwezi wa kumi na mbili. Mama mkwe alikagua chini ya ulimi kama siku ya kwanza, kisha akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amepika pombe, majirani wameambiwa waje, na Naomi alikuwa njiani kutoka Dirma.

Tulikwenda hospitali kufunga kadi. Tangu mwezi wa sita Tluway hakuwa ameingia tena pale ndani. Siku ile aliingia. Alipita katikati ya watu wote, akaja akakaa kwenye benchi bega kwa bega na mimi, kofia magotini, mtu ambaye kwa nusu mwaka hakukaa na watu. Nilihisi joto la bega lake kupitia sweta. Sikuthubutu kugeuka.

Nesi wa zamu alikuwa mgeni, msichana mdogo, hatujuani. Akatoka na kadi mkononi, akatutazama, mimi na mashavu yangu yaliyojaa, na yeye alivyokonda kwa jua la nyikani.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Tluway alikuwa ameshasimama.

"Tulikuwa sisi, nesi," akasema. "Tumepona."